Mguu Ulionyamaza: Kuyapima Maumivu ya Mishipa ya Fahamu kwa Mwenye Mgongo Sugu

(Mazungumzo yaliyotolewa na wahudumu wa kliniki ya hisani katika ukumbi wa hekalu, juma la maadhimisho)



Tunaushukuru uongozi kwa kutupa nafasi hii katika juma la furaha. Tumesikiliza bhajan, tumekula pamoja, na tumewakumbuka wazee waliotangulia ambao kwa jasho lao kuta hizi zilisimama. Sisi tulioombwa kusema jioni hii ni wahudumu wa kliniki inayofanyika humu ukumbini: matabibu, wauguzi na wataalamu wa tiba ya viungo. Tungeweza kuwasomea hesabu ya wagonjwa tuliowaona na dawa tulizozigawa, nanyi mkatupigia makofi. Tumeona ni afadhali tuwaeleze kosa tulilolifanya na yale tuliyojifunza kwalo, kwa kuwa huenda yakamfaa mmoja wenu kabla hajachelewa.

Alikuja kwetu bwana mmoja wa jumuiya, mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, mfanyabiashara anayeshinda amesimama nyuma ya kaunta. Alilalamika kuwa kiuno kilimsumbua tangu mwaka uliopita, na kwamba maumivu yalishuka kupitia tako hadi mguu wa kushoto. Foleni ilikuwa ndefu. Tulimbonyeza mgongo, tukamwinamisha na kumwinua, tukampa vidonge na mazoezi matatu. Alirudi baada ya majuma matatu akisema mguu bado unamchoma, tukambadilishia vidonge. Mara ya tatu alikuja akitabasamu. Maumivu ya mguu, alisema, yamepungua sana, yamebaki kama ganzi tu. Tulifurahi pamoja naye, tukaandika kwenye kadi kuwa hali yake imeendelea vizuri.

Jumapili iliyofuata bwana huyo alitoka hekaluni, akavaa ndara zake pale langoni, akaanza kushuka ngazi. Mzee wetu anayetunza viatu, ambaye wengi wenu mnamfahamu, alimwita: "Bhai, ndara yako moja umeiacha huku." Bwana yule akatazama chini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mtupu juu ya saruji iliyopigwa na jua la mchana, naye alikuwa amekwisha kwenda hatua kadhaa. "Mzee," akajibu, "sikuhisi kitu."

Mzee hakumwachia hapo. Alimshika mkono akamleta moja kwa moja kwa mwenzetu aliyekuwapo, akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Mtazameni mguu huu. Mtu mwenye afya hujua amevaa nini."

Ndipo kwa mara ya kwanza tulipomvua bwana yule ndara zote mbili na kumgusa miguu. Mgongo ngozi yake ya juu ya wayo wa kushoto, hadi kwenye kidole gumba, haikusikia pamba. Pini aliisikia kama kitu butu. Tulipomwomba akiinue kidole gumba juu, kilitikisika tu kisha kikalala. Maumivu yake hayakuwa yamepona. Mshipa wa fahamu uliokuwa ukilia kwa muda mrefu ulikuwa umechoka kulia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nasi tulikuwa tumekisikia kimya kile tukadhani ni salama.

Ndugu zetu, maumivu ya kiuno ni mzigo wa dunia nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa nayo, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu ndiyo tunayoyaita sugu. Kwa walio wengi, yapata tisa katika kila kumi, hakuna ugonjwa mmoja unaoweza kuonyeshwa kwa kidole kuwa ndio chanzo. Hata hivyo, ndani ya umati huo wamo watu ambao mishipa yao ya fahamu imebanwa, imevimba au imeharibika. Uchunguzi uliochapishwa nchini Ujerumani mwaka 2006, uliowahusisha wagonjwa wa kiuno wapatao 8,000, ulipata kuwa asilimia 37 kati yao walikuwa na maumivu yenye sura ya mishipa ya fahamu. Hao wanahitaji kutambuliwa, kwa kuwa tiba yao, hatari zao na matarajio yao si sawa na ya wenzao.

Tuanze na tofauti yenyewe. Ukijigonga nyundo kidoleni, nyama huumia, na mshipa wa fahamu, ukiwa mzima, hupeleka habari ubongoni. Hapo mshipa ni tarishi mwaminifu: habari ni mbaya, ila mleta habari hana hitilafu. Maumivu ya mishipa ya fahamu ni pale tarishi mwenyewe anapojeruhiwa. Anapiga hodi bila barua, analeta barua za mtaa usiohusika, au anakaa kimya huku nyumba inaungua. Kwa sababu hiyo mtu aliyebanwa mshipa kiunoni huumwa na kidole cha mguu ambacho hakina jeraha lolote. Iko pia aina ya tatu, iliyopewa jina rasmi na wataalamu wa maumivu mwaka 2017, ambapo si nyama wala mshipa ulioharibika, bali mfumo mzima wa kuhisi umekuwa mwepesi kupita kiasi. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na aina mbili au zote tatu kwa pamoja. Kwa hiyo kazi yetu ni kuzipambanua, na kupambanua huanza na masikio.

Tunapowauliza wagonjwa "inauma vipi?", wengi hujibu, "Inauma tu, daktari." Tunawasihi msiishie hapo. Lugha yetu ina hazina ya maneno kwa jambo hili. Kuna maumivu yanayopwita, yanayokaza, yanayovuta, yanayolemea kama gunia. Hayo mara nyingi ni ya misuli na viungo. Kuna maumivu yanayochoma kama moto, yanayopiga kama umeme, yanayodunga kama sindano, yanayotambaa kama sisimizi chini ya ngozi, yanayowasha, yanayouma kwa ubaridi kama barafu, na yanayoambatana na ganzi. Orodha hii ya pili ndiyo lugha ya mishipa ya fahamu. Mwaka 2005 madaktari wa Ufaransa walitunga dodoso fupi lenye mambo kumi: saba ni maswali yanayofanana sana na maneno hayo, na matatu ni ya kumgusa mgonjwa. Anayefikisha manne kati ya kumi anashukiwa kuwa na maumivu ya mishipa ya fahamu. Dodoso halitoi hukumu. Linatuambia tu wapi tukaze macho.

Pamoja na maneno, tunataka kujua mahali. Siku hizi tunampa mgonjwa karatasi yenye picha ya mwili, mbele na nyuma, na kalamu ya rangi, tukimwomba apake rangi pale panapouma na achore mistari pale penye ganzi. Mama mmoja asiyejua kusoma alituchorea mstari mmoja kutoka takoni, nyuma ya paja, nyuma ya ndama, hadi ukingo wa nje wa wayo na kidole kidogo. Hakuwa amewahi kuiona ramani ya mishipa ya fahamu, lakini aliichora bila kukosea.

Ramani hiyo ni ipi? Kiuno kina pingili tano, na kati ya pingili na pingili hutoka mizizi ya mishipa ya fahamu, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kila mzizi una eneo lake la ngozi, kama mitaa ya mji inavyogawanywa kwa matarishi. Mzizi wa nne wa kiuno huhudumia upande wa ndani wa mguu chini ya goti. Mzizi wa tano huhudumia upande wa nje wa ndama, juu ya wayo na kidole gumba. Mzizi wa kwanza wa sakramu, yaani mfupa ulio chini ya pingili za kiuno, huhudumia kisigino, ukingo wa nje wa wayo na kidole kidogo. Mipaka hii hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu, na mitaa jirani huingiliana. Hata hivyo, maumivu na ganzi vikifuata mtaa mmoja, mzizi wa mtaa huo hushukiwa. Bwana wetu wa ndara alikuwa na tatizo la mzizi wa tano, na ndara hushikwa hasa na kidole gumba na jirani yake. Mzee wa langoni aliona dalili ambayo ingetosha kutuongoza tangu siku ya kwanza.

Baada ya masikio hufuata mikono. Tungependa mjue uchunguzi kamili unafananaje, ili mkienda popote mtambue kama mmepimwa au mmetazamwa tu. Vifaa vyake vya msingi ni vichache: kipande cha pamba, pini au kijiti cha meno ambacho hutupwa baada ya mgonjwa mmoja, kijiko kilichotumbukizwa katika maji ya baridi na kingine katika maji ya uvuguvugu, nyundo ndogo ya mpira, na chuma chenye pembe mbili ambacho kikigongwa hutetemeka.

Kwa nini vyote hivyo? Kwa sababu mshipa wa fahamu ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi za aina mbalimbali. Nyuzi nene hupeleka habari ya mguso mwepesi na mtetemo, tena kwa kasi ya makumi ya mita kwa sekunde. Nyuzi nyembamba hupeleka habari ya mchomo, joto na baridi, na zile nyembamba kabisa huenda mita moja hivi kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa husikia kwanza mchomo mkali wa ghafla, kisha baada ya kitambo kidogo maumivu mazito ya kuchoma yanafika. Ni habari mbili za ajali moja, zilizokuja kwa njia mbili. Mtu aweza kuisikia pamba vizuri asiisikie pini, au kinyume chake. Anayepimwa kwa pamba peke yake amepimwa nusu.

Mgonjwa hulala, hufumba macho, na kwanza tunamgusa mahali tunapojua ni pazima, tuseme mkononi, ili ajue hisia ya kawaida ikoje. Kisha tunagusa mguu mzima na mguu unaouma, eneo kwa eneo, tukiuliza: "Huku na huku ni sawa? Zaidi? Pungufu? Au tofauti?" Neno hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu wengine husema, "Si pungufu, ila ni ngeni, kama ngozi si yangu." Hatumwambii jibu wala hatumharakishi. Inachukua dakika zisizozidi kumi.

Tunatafuta mabadiliko ya namna mbili. Ya kwanza ni upungufu: ngozi isiyosikia pamba, pini isiyochoma, kijiko cha baridi kinachodhaniwa kuwa hakina baridi, mtetemo unaokoma mapema. Ya pili ni ziada: shuka ikipita juu ya mguu inauma, upepo wa feni unauma, mchomo mdogo wa pini unamrusha mtu kitandani, na pini ikirudiwa mara kumi mahali pamoja maumivu yanapanda badala ya kuzoeleka. Wagonjwa wenye ziada hudhaniwa na jamaa zao kuwa wanajidekeza. Hawajidekezi. Mfumo wao wa kuhisi umefunguliwa sauti hadi mwisho. Na wagonjwa wenye upungufu hudhaniwa wanapona, nao hudhani hivyo hivyo. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mwenye ganzi vivyo hivyo.

Ziko maabara zinazoyapima mambo haya kwa mashine za joto, baridi na mgandamizo. Wataalamu wa Ujerumani waliweka mwaka 2006 utaratibu wa vipimo 13 vya hisia, unaotumika hadi leo katika utafiti. Mashine hizo ni adimu na ghali. Hata hivyo, kanuni zake ndizo hizo hizo za pamba, pini, kijiko na chuma cha mtetemo, na hakuna zahanati iliyo maskini kiasi cha kukosa pamba.

Hisia zikishapimwa, hupimwa nguvu. Tunamwomba mgonjwa atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, kisha akiinue kidole gumba huku tukikizuia. Tunagonga chini ya goti na nyuma ya kifundo cha mguu kwa ile nyundo ya mpira. Mguu ukiruka kidogo, mzunguko wa mshipa wa eneo hilo uko hai: goti husema habari za mzizi wa nne hasa, kifundo habari za mzizi wa kwanza wa sakramu. Mzizi wa tano hauna nyundo ya kuaminika. Huweza kuharibika huku magoti na vifundo vikiruka vizuri, na ushahidi wake ukabaki katika kidole gumba na ngozi ya juu ya wayo. Asiyevua viatu vya mgonjwa hataupata.

Mwisho tunauinua mguu ulionyooka huku mgonjwa amelala chali. Kipimo hiki hubeba jina la daktari Mfaransa, Lasègue, ingawa kilielezwa na daktari Mserbia, Lazarević, mwaka 1880, na mwanafunzi wa Lasègue akakiandika mwaka uliofuata. Mguu ukiinuliwa, mizizi ya chini ya kiuno huvutwa. Maumivu yakishuka chini ya goti kama uzi uliowashwa moto, mzizi unashukiwa kukereka. Nyuma ya paja kukaza peke yake si kitu. Wengi wetu humu ukumbini tungekaza.

Sasa mtauliza: kwa nini shida yote hii, ilhali ipo mashine ya MRI inayoona ndani? Swali hili tunaulizwa kila mwezi, na wapo waliouza vitu vya nyumbani ili kuilipia picha hiyo. Ni kweli kwamba diski, ule mto laini ulio kati ya pingili, inaweza kutokeza na kubana mzizi. Madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, waliithibitishia dunia jambo hilo mwaka 1934. Lakini mwaka 1994 ilichapishwa habari ya watu wazima 98 wasio na maumivu ya mgongo ambao walipigwa picha za MRI. Zaidi ya nusu, asilimia 52, walikuwa na diski iliyofura walau sehemu moja, na asilimia 27 walikuwa na diski iliyotokeza zaidi. Hawakuwa wakiumwa na chochote. Kwa hiyo picha ikisema "diski imetokeza", haijasema bado kuwa ndiyo mwizi. Huenda ni mpita njia aliyekutwa karibu na tukio.

Wataalamu wameupanga ushahidi kwa ngazi tatu. Maelezo ya mgonjwa na mchoro wake vikifuata mtaa wa mshipa fulani, maumivu ya mishipa ya fahamu yanawezekana. Mikono ikikuta upungufu au ziada ya hisia katika mtaa huo huo, yanaelekea kuwapo. Picha au kipimo kingine kikionyesha kidonda mahali panapolingana, yamethibitika. Tazameni jinsi picha ilivyo ngazi ya mwisho. Anayeanza na picha amepanda paa kabla ya kusimamisha ngazi.

Tunapenda kukaa kidogo katika jambo linaloihusu jumuiya hii kwa namna ya pekee. Ganzi ya mzizi wa kiuno kwa kawaida hushika mguu mmoja na mtaa mmoja. Ganzi ikianza katika nyayo zote mbili kwa pamoja, ikapanda taratibu kama soksi, tafuteni kwingine hata kama kiuno nacho kinauma. Chanzo cha kwanza ni kisukari, ambacho kimejaa katika familia zetu na za majirani zetu. Chanzo cha pili ni upungufu wa vitamini B12. Vitamini hii hupatikana kwa asili katika vyakula vitokanavyo na wanyama, na wasiokula nyama, samaki wala mayai huitegemea maziwa pekee, ambayo mara nyingine hayatoshi. Aidha, metformini, dawa inayotumiwa sana na wenye kisukari, hupunguza ufyonzaji wake. Mtu asiyekula nyama, mwenye kisukari, anayemeza metformini kwa miaka, ana sababu tatu za kupoteza hisia za nyayo, nasi tumewakuta wa namna hiyo wakichuliwa mgongo. Hatumwambii mtu yeyote aache mwiko wake. Kipimo cha damu kipo, na vidonge au sindano za B12 zipo. Kwa majirani zetu tunaongeza: baadhi ya dawa za kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, pombe na ukoma pia hugusa mishipa ya miguu. Mwambieni tabibu kila mnachokitumia bila kuona haya, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa tuseme mambo ambayo hayangoji kliniki ya mwezi. Mwenye maumivu ya kiuno akipata ganzi sehemu za siri, njia ya haja kubwa na mapaja ya ndani, yaani pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli. Au akishindwa kukojoa, au asijue kuwa mkojo unatoka. Au haja kubwa ikimponyoka. Au miguu yote miwili ikilegea, huyo apelekwe hospitali kubwa saa hiyo hiyo, iwe usiku, iwe sikukuu. Kifungu chote cha mishipa kilicho chini ya uti wa mgongo kinabanwa, na kila saa inayopita hupunguza uwezekano wa kukiokoa. Tunajua ni vigumu kwa mama kumwambia mwanawe kwamba hasikii anapojisafisha. Tunawaomba watoto waulize, na wazee wajibu. Vilevile homa za jioni, kukonda, maumivu yasiyotulia hata usiku, historia ya saratani au kuanguka, na mguu unaozidi kupoteza nguvu, vyote vinataka daktari mapema. Kifua kikuu huweza kula pingili za mgongo bila kikohozi hata kimoja.

Msiondoke hapa na hofu. Wengi wenye mshipa uliobanwa na diski hupata nafuu bila kisu ndani ya majuma na miezi, na diski iliyotokeza mara nyingi husinyaa yenyewe. Kutembea na kuendelea na shughuli kwa kadiri inavyowezekana huleta nafuu kuliko kulala kitandani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi unatilia mkazo elimu, mazoezi na msaada wa kisaikolojia, na haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa kwa mashine. Na dawa za mishipa ya fahamu zisinunuliwe kwa kuelekezwa na jirani. Jaribio lililofanywa nchini Australia kwa wagonjwa 209 wenye maumivu yashukayo mguuni, na kuchapishwa mwaka 2017, lilionyesha kuwa pregabalini haikuwashinda waliopewa vidonge visivyo na dawa, ila iliwaletea kizunguzungu zaidi. Hutumika kwa maumivu mengine ya mishipa, na kuamua nani apewe ndiyo sababu ya kupimwa.

Turudi kwa bwana wetu. Alipigwa picha, safari hii tukijua tunatafuta nini, nayo ikalingana na mguu wake. Alifanyiwa upasuaji. Nguvu za kidole gumba zimerudi kwa sehemu kubwa. Hisia za juu ya wayo hazikurudi zote. Anaishi, anafanya biashara, anakuja hekaluni, lakini hadi leo hutazama kwa macho mahali anapouweka mguu wa kushoto. Tulipomwomba radhi alitusamehe kwa upole uliotuumiza zaidi. Alitupa ruhusa ya kusimulia habari zake bila jina, akasema, "Waambieni wengine waseme ganzi."

Tumewaambia. Nasi kwa upande wetu tumebadilisha utaratibu. Penye mlango wa kliniki sasa pana kigoda, beseni la maji na taulo, na hakuna mwenye mgongo anayeonwa akiwa na viatu, hata foleni ikifika barabarani. Hapa hekaluni sote huvua viatu kwa heshima ya Mungu. Kule tunavivua kwa heshima ya mgonjwa. Mkienda kwa mganga, daktari au mtaalamu yeyote na mgongo wenu wa miaka, naye asiguse miguu yenu, vueni viatu ninyi wenyewe mseme, "Tafadhali, nipime na huku."

Na yule mzee wa langoni, ambaye hajasoma utabibu lakini anawatazama watu wanavyotembea, tumemwomba aendelee kutuletea kila anayeacha ndara bila kujua. Hadi sasa ametuletea watu wanne.